Jukwaa na studio katika albamu moja ya jazi: mwongozo kamili kwa bendi za Mwanza

Albamu inayochanganya nyimbo za tamashani na nyimbo za studio kwa kawaida huharibika kabla hata maiki haijawashwa. Bendi inapiga tamasha, inapata nyimbo nne nzuri, inagundua kuwa hazitoshi albamu, kisha inakimbilia studio kujaza nafasi. Msikilizaji huligundua hilo mara moja. Nyimbo za studio zinakosa damu, na za jukwaani zinaonekana chafu kwa sababu tu zimewekwa kando ya zilizosafishwa.

Mwongozo huu ni kwa bendi ya jazi, au ya dansi yenye moyo wa jazi, ya watu watano hadi wanane, iliyoko Mwanza au popote kando ya Ziwa Viktoria. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: jukwaa lina kazi yake na studio ina yake, mgawanyo ufanyike mwanzoni, na msikilizaji asidanganywe kuhusu mahali alipo.

Hatua ya kwanza: gaweni nyimbo kabla ya tamasha

Kaeni na bendi nzima, mziorodheshe nyimbo zote mnazozifikiria. Kwa kila wimbo ulizeni swali moja: wimbo huu unawahitaji watu? Wimbo wa kuitikiana, wimbo ambao mpiga saksafoni hurefusha solo yake kadiri anavyoitikiwa, wimbo unaoanza taratibu ukaishia kwa vigelegele, huo ni wa jukwaani. Wimbo wa watu wawili, wenye besi inayonong'ona, au ule mliomwalika mpiga nanga kutoka Bukoba au mpiga litungu kutoka Mara, pelekeni studio. Ala hizo sauti yake ni ndogo, na uzuri wake mwingi uko katika mikwaruzo na mitetemo ya nyuzi inayomezwa na spika za uwanjani.

Usukumani jambo hili halihitaji kufundishwa. Kwenye Bulabo, sherehe ya ngoma ya Wasukuma, pale Bujora, Kisesa, karibu na sikukuu ya Ekaristi ambayo mara nyingi huangukia Juni, vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kwa kucheza wakati mmoja, na ushindi huonekana kwa watu kujaa upande gani. Watazamaji wamo ndani ya ngoma. Bendi ya jazi inayokulia hapa ina bahati ya kuwa na hadhira inayojua kwamba kelele yake ni sehemu ya kazi. Basi nyimbo za jukwaani zichagueni kwa kufikiria hadhira hiyo itafanya nini, na mwache nafasi ndani ya mpangilio wa wimbo ili ifanye.

Mpangilio wa albamu nao uamueni sasa. Bendi ya jazi ya Weather Report mwaka 1979 ilitoa albamu yake iitwayo 8:30 katika santuri mbili: pande tatu za jukwaani, upande wa nne wa studio. Kuna njia nyingine ambayo naipenda sana kwa bendi isiyo na fedha nyingi, ile ya mpiga saksafoni Cannonball Adderley mwaka 1966, ambaye hadhira yake ilialikwa ndani ya studio ya Capitol, Los Angeles, ikapewa vinywaji, na bendi ikapiga mbele yake. Mnaweza kutumia njia hiyo kwa wimbo mmoja au miwili mliyoikosa tamashani: alikeni ndugu na marafiki thelathini, wakae chini, mpige.

Kwa albamu ya kwanza, nashauri mafungu. Fungu la jukwaani, fungu la studio, labda mrudi jukwaani kwa wimbo wa mwisho. Kupishanisha wimbo mmoja mmoja ni kama kumhamisha mtu nyumba kila baada ya dakika sita; hawezi kutulia popote.

Hatua ya pili: karatasi

Hapa tusichelewe, ila msiruke. Mpate kwa maandishi ruhusa ya waandaaji wa tamasha kuwaruhusu kurekodi na kuuza onyesho lenu, na iandikwe wazi kwamba rekodi ni mali ya bendi. Waandaaji wengine huchukulia kuwa chochote kilichopita kwenye mitambo yao ni chao. Kila mwanamuziki asaini makubaliano ya malipo, wakiwemo wageni wa wimbo mmoja. Bendi iwe imesajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na kazi zisajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo wimbo wa zamani wa dansi mnaotaka kuurudia huenda bado una mwenyewe.

Mkitaka wacheza bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, wapande jukwaani na majembe yao, msiishie kwa kijana aliyewapa namba ya simu. Nendeni kwa manju, yaani kiongozi wa ngoma, na wazee wa kikundi, muwaamkie, mueleze kwamba sauti zao zitauzwa, na mpatane malipo ya siku ile pamoja na fungu lao katika mauzo. Majina yao yatokee kwenye jalada sawa na ya mpiga tarumbeta.

Hatua ya tatu: kagueni uwanja kwa masikio

Nendeni mahali pa tamasha saa ileile mtakayopiga, si asubuhi. Kando ya ziwa saa hubadilisha kila kitu. Mchana na alasiri upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Mkipanda saa kumi jioni kwenye jukwaa linalotazama maji, maiki zote za waimbaji zitapigwa upepo usoni, na ngurumo ile ikishaingia kwenye rekodi haitoki yote. Vaeni maiki sponji nene, na kwenye miksa kateni masafa yaliyo chini ya hezi 80 kwa kila kitu isipokuwa besi, dramu kubwa, tumba na kinanda.

Mawe ya Mwanza yanapendeza machoni lakini yanarudisha sauti. Katika joto la nyuzi 25 sauti hukimbia takriban mita 346 kwa sekunde, hivyo jiwe kubwa lililo mita 35 mbele ya jukwaa litarudisha pigo la dramu baada ya sehemu moja ya tano ya sekunde hivi. Kwa wimbo wa taratibu mwangwi huo unaweza kuwa pambo. Kwa wimbo wa kasi, mpiga dramu atajikuta anaufuata mwangwi badala ya besi. Pigeni makofi mkiwa mmesimama kila kona ya jukwaa, msikilize yanarudi kutoka wapi. Mkisikia pigo la pili lililo wazi, waombeni mafundi wageuze spika kidogo zisilitazame jiwe, na mpiga dramu apewe monita yake karibu.

Kuna adhana pia. Swala ya magharibi huku huingia karibu saa moja kasoro jioni, na ukiwa jirani na msikiti itasikika kwenye kila maiki iliyo wazi. Muziki unyamaze wakati huo, kwanza kwa heshima, na kisha kwa sababu hakuna anayetaka kuikuta adhana chini ya solo ya gitaa. Pangeni kujaribu mitambo kuishe kabla, onyesho lianze baada ya swala. Kama uwanja uko kando ya barabara kubwa, mfano wa viwanja vya Furahisha, sikilizeni pikipiki na honi zinaingiaje, kisha nyimbo za polepole zisogezeni hadi baadaye usiku, wakati magari yamepungua.

Wadudu wadogo wa ziwani huibuka kwa makundi, hasa siku za mwezi mwandamo, nao hufuata taa. Taa kali zikiwa juu ya kichwa cha mwimbaji, watamwingia mdomoni katikati ya ubeti na kutua kwenye maiki zilizo wazi juu ya dramu. Waombeni wa taa waweke zile nyeupe kali pembeni, mbali na maiki. Mvua nayo izingatieni: Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kuaminika zaidi kwa kazi ya nje. Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, msithubutu bila paa.

Hatua ya nne: mitambo ya kurekodi

Kosa kubwa la kiufundi ni kutegemea rekodi ya njia mbili inayotoka kwenye miksa ya uwanjani. Fundi wa uwanja anachanganya kwa ajili ya watu walio mbele yake. Gitaa lenye amplifaya kubwa huenda halimo kabisa kwenye spika zake kwa kuwa linasikika bila msaada. Mkichukua mchanganyiko huo, mmechukua bendi isiyo na gitaa.

Mnachotaka ni kila maiki kwenye chaneli yake. Miksa nyingi za kidijitali zinazokodishwa siku hizi zinaweza kutuma hadi chaneli 32 kwenye kompyuta kwa waya mmoja wa USB. Muulizeni fundi mapema, mjaribu na kompyuta yenu siku moja kabla, na mhakikishe chaneli zinachukuliwa kabla ya marekebisho ya sauti ya uwanjani, ili akiongeza au kupunguza kitu kwa ajili ya spika, rekodi yenu isiyumbe. Kama miksa yao ni ya zamani, kodisheni kisanduku cha kugawa mawimbi ya maiki: tawi moja liende kwao, jingine kwenu.

Rekodini kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde. Chaneli moja itakula takriban MB 8.6 kwa dakika. Chaneli 16 kwa saa moja ni kama GB 8.3. Onyesho la saa mbili linaingia kwenye diski ya kawaida bila shida, kwa hiyo hakuna sababu ya kubania. Wekeni viwango chini: kilele cha sauti kisivuke desibeli 10 chini ya ukomo wakati wa majaribio, maana bendi ikishaona watu huongeza nguvu. Rekodi ya biti 24 iliyo chini inapandishwa baadaye bila madhara. Iliyopasuka imepasuka.

Pembeni, mtu mwingine awe na rekoda ndogo ya betri karibu na miksa, inayojitegemea kabisa. Kompyuta ikizima, mna ushahidi wa usiku ule, na huenda ukawa ndio wimbo wenyewe. Kompyuta iwe na betri iliyojaa, diski ya nje iwe kwenye kifaa cha kuhifadhi umeme, kwa kuwa kati ya kukatika kwa TANESCO na kuwaka kwa jenereta kuna sekunde kadhaa, na faili iliyokuwa ikiandikwa huweza kuharibika. Kila baada ya nyimbo tatu au nne, mnaposalimiana na watu, simamisheni rekodi kwa sekunde mbili na muianze upya, ili hitilafu moja isichukue usiku mzima.

Maiki za hadhira ndizo zinazosahaulika, na bila hizo hakuna albamu ya jukwaani. Wekeni mbili kwenye kingo za jukwaa, nyuma ya mstari wa spika kubwa, zikiwatazama watu. Msizipeleke nyuma kabisa kwa fundi: mita 30 huchelewesha sauti kwa karibu milisekunde 87, na mkichanganya hiyo na maiki za jukwaani, kila pigo litasikika mara mbili. Inawezekana kuzivuta nyuma kwenye kompyuta zilingane, lakini mkiziweka karibu mnaokoa kazi hiyo.

Besi ipewe njia mbili, waya wa moja kwa moja na maiki kwenye amplifaya. Sababu iko Toronto, Kanada. Tarehe 15 Mei 1953, Charlie Parker, Dizzy Gillespie, Bud Powell, Max Roach na mpiga besi Charles Mingus walipiga pamoja Massey Hall. Kwenye mkanda besi ya Mingus ilisikika kwa shida, ikabidi airudie studio juu ya rekodi ile kabla haijatolewa.

Hatua ya tano: usiku wenyewe

Kabla ya wimbo wa kwanza, kila mmoja apige noti ya A ikarekodiwa. Mrudie mwisho wa onyesho. Saksafoni na tarumbeta hupanda zikipata joto na hushuka upepo wa usiku ukizipoza, wakati kinanda cha umeme kinabaki palepale. Noti hizo zitawaambia kama mpiga saksafoni alikuwa ametoka nje ya kinanda na kwa kiasi gani, jambo mtakalolihitaji mkifika studio.

Rekodini pia dakika mbili za uwanja bila muziki: watu wakizungumza, mawimbi, mtu akiuza mishikaki. Mtaona matumizi yake mbele.

Mwambieni kila mpiga solo maiki yake ni ipi, na mziwekee alama ya utepe wa rangi. Tarehe 7 Julai 1956, kwenye tamasha la Newport, Marekani, mpiga saksafoni Paul Gonsalves wa bendi ya Duke Ellington alipiga mizunguko 27 ya solo iliyoinua uwanja mzima, akiwa mbele ya maiki ya redio ya Sauti ya Amerika badala ya ile ya kampuni ya Columbia iliyokuwa ikirekodi albamu. Mojawapo ya solo kubwa za karne ikaingia kwenye santuri kwa mbali. Utepe wa rangi ni bei ndogo.

Mtu mmoja asiyepiga ala akae na daftari na saa. Aandike muda wa kila tukio: solo ilipowaka, waya ulipokwaruza, watu walipoitikia bila kuombwa. Na mshereheshaji aombwe asizungumze juu ya noti ya mwisho. Noti ya mwisho ikifunikwa na kipaza sauti, wimbo huo umepoteza mkia wake.

Hatua ya sita: kuchagua

Nakilini faili kwenye diski mbili usiku uleule, zilale nyumba mbili tofauti. Kisha msisikilize kwa wiki moja au mbili, mpaka furaha ya siku ile itulie. Mkisikiliza, tafuteni wimbo ambao bendi ilikuwa ikisikilizana, hata kama noti mbili zimekosewa. Noti iliyokosewa huzoeleka kwa masikio. Bendi ambayo kila mtu anapiga peke yake haizoeleki kamwe.

Hatua ya saba: studio

Studio nyingi za Mwanza zimejengwa kwa ajili ya bongo fleva na kwaya: chumba kidogo cha sauti, kompyuta, na mdundo unaotengenezwa na prodyuza. Jazi inahitaji watu kuonana. Tafuteni chumba kikubwa kuliko mlivyozoea, hata ukumbi wa shule au wa kanisa wakati hauna shughuli, mbebe vifaa vya kurekodia vile vile vya tamashani. Tundikeni mablanketi mazito, simamisheni magodoro nyuma ya amplifaya, mpigaji wa dramu akae katikati mkimwona. Epukeni paa la bati lisilo na dari msimu wa mvua.

Pigeni pamoja, wote kwa wakati mmoja. Bendi zetu za zamani za dansi zilipiga hivyo zilipokwenda kurekodi redioni, na ndiyo maana magitaa yale matatu bado yanazungumza. Mkirekodi mmoja mmoja kwa kufuata mdundo wa kompyuta, fungu la studio litakuwa la bendi nyingine, na pengo kati yake na fungu la jukwaani halitazibika. Tumieni dramu zilezile, sahani zilezile, amplifaya ileile ya gitaa. Ala zilinganishwe kwa noti ya A ya kinanda kilekile.

Lakini msiiige tamasha. Studio ina kitu jukwaa halina, nacho ni ukimya. Mpiga besi apige kwa vidole laini. Mwimbaji aimbe maiki ikiwa karibu na midomo. Mpiga dramu atumie brashi katika wimbo ambao tamashani angeupiga kwa fimbo. Kwa kila wimbo pigeni mara tatu au nne, kisha pumzikeni; baada ya hapo mikono huanza kukumbuka badala ya kusikiliza.

Vipi kuhusu kurudia studio kipande cha jukwaani kilichoharibika? Ninakubali kwa sharti: mpigaji awe yuleyule, apige alichokipiga au alichokusudia, na iandikwe. Besi iliyopotea kwenye waya mbovu inaweza kurudiwa kama ya Mingus. Solo iliyokuwa dhaifu, iacheni au ondoeni wimbo wote.

Hatua ya nane: kuunganisha

Anzeni kuchanganya na nyimbo za jukwaani, si za studio. Hizo ndizo zenye mipaka. Za studio zitafuata. Maiki za hadhira ziinuliwe kati ya nyimbo na zishushwe wakati bendi inapiga, polepole, bila kuzizima kabisa. Upana wa jukwaa uwe mmoja albamu nzima: mpiga saksafoni akiwa kushoto tamashani, abaki kushoto studio.

Ili mafungu mawili yakutane, nyimbo za studio zipeni mwangwi mfupi uleule mliotumia kwenye sauti za jukwaani, kwa kiasi kidogo. Kisha chukueni zile dakika mbili za uwanja. Makofi ya wimbo wa mwisho wa jukwaani yashuke kwa sekunde kumi hivi hadi mnong'ono wa watu, mnong'ono ushuke hadi kimya cha kweli, halafu chumba cha studio kifunguke. Msikilizaji anatembezwa kutoka nje kuingia ndani, naye anajua kwamba ameingia.

Kamwe msiweke makofi juu ya wimbo wa studio. Albamu ya Ellington ya mwaka 1956 iliyotangazwa kuwa ya Newport ilikuwa na vipande vingi vilivyorudiwa studio siku mbili baada ya tamasha, vikafunikwa kwa makofi ya bandia. Ilichukua hadi mwaka 1999, baada ya mkanda wa Sauti ya Amerika kupatikana, kwa watu kununua usiku ule kama ulivyokuwa, mkanda huo ukiwa umelinganishwa na ule wa Columbia kuwa stirio. Nyimbo zenyewe hazikuhitaji kufichwa. Solo ya Gonsalves ilikuwa ya kweli tangu mwanzo, ikazungukwa na vya kughushi.

Katika kumalizia, msizibane nyimbo ziwe na sauti ya juu kama za disko. Majukwaa makubwa ya kusikilizia muziki mtandaoni hushusha yenyewe nyimbo zilizozidi, mengi hadi LUFS −14, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika, kwa hiyo mkibana mnapoteza pumzi ya dramu bila faida. Mkitaka santuri, kila upande usizidi dakika 22 hivi, na ingefaa sana upande wa kwanza uwe jukwaa na wa pili studio.

Hatua ya tisa: jalada na taarifa za nyimbo

Kwa kila wimbo andikeni mahali ulipopigwa, tarehe, nani alipiga nini, na kama kuna kilichorudiwa. Toleo la jukwaani na la studio la wimbo mmoja ni rekodi mbili: kila moja ipate namba yake ya ISRC, namba ya kimataifa ya kutambulisha rekodi, yenye herufi na tarakimu 12, ili malipo yasichanganyike. Kwenye jina la wimbo ongezeni «Jukwaani, Mwanza» au «Studio», kwa namna moja albamu nzima. Mtajeni fundi wa uwanja na fundi wa studio. Nakala za kwanza zipelekwe kwa manju na wacheza ngoma wake, pamoja na malipo yao, kabla albamu haijaanza kuuzwa.